Shaba Katika Jani la Chai: Ioni za Metali, Vimeng'enya na Tatizo la Istilahi Kisii na Nyamira

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ioni za metali zinavyoathiri utendaji wa vimeng'enya katika mimea, na kwa kufanya hivyo kuonyesha ni kwa kiasi gani istilahi za Kiswahili zilizopo zinamsaidia au zinampotosha anayetaka kulifahamu jambo hili. Mifano imetolewa katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, zilizokuwa wilaya moja hadi Nyamira ilipotengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mimea yake mikuu, yaani chai, ndizi, wimbi, kahawa na maharagwe, inatoa takriban kila mfano ambao mwalimu wa somo hili angeuhitaji. Pili, elimu ya kilimo huko huwafikia wakulima kwa lugha tatu, Kiingereza, Kiswahili na Ekegusii, na ni katika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine ndiko maana hupotea.

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia ndani ya kiumbe hai bila yenyewe kumalizika. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni miongoni mwa kazi zilizojitahidi kuipa taaluma hii msamiati wake. Neno limeundwa kutokana na kitenzi kumeng'enya, kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, na hasa kulainisha chakula tumboni. Uundaji wake ni mzuri kwa sheria za lugha: kiambishi ki- cha chombo, mzizi wa Kibantu, sauti inayotamkika. Hata hivyo, msikilizaji asiyeijua elimu hii atadhani kwamba kila kimeng'enya kazi yake ni kuvunja, na kwamba makao yake ni tumboni. Chai itaonyesha upungufu wa dhana hiyo; lakini kabla ya chai ni afadhali kuangalia mahali ambapo neno linafaa kikamilifu.

Mahali hapo ni katika wimbi, ambalo Abagusii huliita obori. Mpishi wa pombe ya kienyeji huyaloweka mawimbi, huyafunika hadi yakachipua, kisha huyakausha na kuyasaga akapata kimea. Katika siku hizo chache za kumea, mbegu hutengeneza kimeng'enya kiitwacho alfa-amilasi, ambacho kazi yake ni kuikata minyororo mirefu ya wanga iwe sukari. Ndiyo sababu uji uliotiwa unga wa kimea kidogo hupungua uzito upesi, kana kwamba umeongezwa maji. Hapa kuna kumeng'enya kwa maana halisi ya neno. Na hapa ndipo inapoonekana metali ya kwanza: alfa-amilasi haiwezi kulishika umbo lake bila ioni za kalisi. Ioni hizo haziushiki wanga wala haziukati. Zimekaa ndani ya protini kama misumari ndani ya paa, zikizuia isilegee. Zikiondolewa kwa dawa inayozivuta, kimeng'enya hulegea, hushindwa kustahimili joto, na kazi husimama. Amilasi ya pili iliyomo katika kimea, beta-amilasi, haihitaji kalisi. Kwa hiyo isidhaniwe kuwa metali ni sharti la kila kimeng'enya.

Baada ya sukari kupatikana, hamira huingia, huila sukari hiyo na kutoa kileo na hewa ya kaboni dioksidi. Hiyo ndiyo hatua ya kuchacha. Yafaa izingatiwe kwamba lugha ya kawaida ya mpishi imekwisha kuzitenganisha hatua hizi barabara: nafaka humea, uji hulainika, pombe huchacha. Vitenzi vitatu kwa mambo matatu.

Sasa chai. Mmea huu umeenea kote katika vilima vya Nyamira na sehemu za juu za Kisii tangu serikali ilipoanza kuwaandaa wakulima wadogo wadogo, kwanza chini ya mamlaka ya mazao maalumu iliyoundwa mwaka 1960, kisha chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Chai ya Kenya iliyoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa wakala mwaka 2000. Viwanda vya Nyankoba, Nyansiongo, Kebirigo, Tombe, Ogembo, Nyamache na Kiamokama ni majina anayoyajua kila mchumaji wa huko. Mchumaji hupeleka majani mawili na kikonyo cha ncha. Kiwandani majani hunyaushwa, hupitishwa katika mashine za kukata, kurarua na kusokota, kisha huachwa kwa muda wa kama saa moja hivi, kwa kadiri ya hali ya hewa na desturi ya kiwanda, yapigwe na hewa kabla ya kukaushwa kwa moto. Katika muda huo, rangi ya kijani hugeuka kuwa ya shaba, na harufu ya nyasi mbichi hugeuka kuwa harufu ya chai.

Rangi ya shaba! Ni sadfa tu ya maneno, kwani rangi hiyo haitokani na metali ya shaba. Lakini bila metali hiyo isingalipatikana. Ndani ya jani zima, vitu viwili vimetengwa. Katekini, ambazo hazina rangi na ambazo hulipa jani ukali wake, zimehifadhiwa katika kiriba cha maji cha seli, yaani vakuoli. Kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidasi kimo mahali pengine, hasa katika kloroplasti. Jani likiwa hai na zima, vitu hivyo havikutani. Mashine inapolirarua jani, kuta huvunjika, vitu hivyo hukutana, na oksijeni ya hewani huingia kati yao.

Katikati ya kimeng'enya hiki zimo atomi mbili za shaba zilizokaribiana. Molekuli ya oksijeni hujipachika baina yake. Shaba ina tabia ya kuweza kuwa katika hali mbili, yenye chaji moja au yenye chaji mbili, na kupita kutoka hali moja hadi nyingine kwa urahisi. Kwa tabia hiyo hupokea elektroni kutoka katika katekini na kuzikabidhi kwa oksijeni, mithili ya mpagazi avushaye mizigo mtoni, akienda na kurudi bila yeye mwenyewe kuhama. Oksijeni huishia kuwa maji. Katekini zilizonyang'anywa elektroni huwa kwinoni, vitu visivyotulia, navyo huungana vyenyewe kwa vyenyewe. Muungano mmoja hutoa theaflavini, zenye rangi ya machungwa mekundu, ambazo huipa chai ung'avu na makali. Miungano mingine mikubwa zaidi hutoa thearubijini, zenye rangi ya hudhurungi, ambazo huipa chai uzito. Theaflavini huongezeka hadi kilele kisha hupungua ikiwa majani yataachwa mno, na kwa hiyo msimamizi wa kiwanda anayechelewa kuwasha kikaushio hupata chai nyeusi lakini iliyofifia. Joto la kikaushio huliharibu umbo la protini, na mpagazi husimama. Anayetaka chai ya kijani huanza na joto hilo mapema, kabla ya kulirarua jani, na shaba haipati nafasi.

Jambo hili si la maabara pekee. Katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kabla ya kati ya karne ya 20, kulionekana mashamba ambayo majani yake hayakugeuka rangi ipasavyo kiwandani ingawa kila hatua ilifuatwa. Ilitambulikana kwamba mimea ilikuwa na upungufu wa shaba. Mmea uliendelea kukua, jani lilipendeza, mchumaji hakuona kasoro. Hitilafu ilijitokeza kiwandani tu, pale protini iliyokosa metali yake iliposhindwa kuvusha elektroni. Mimea ilipopewa shaba, kasoro ilirekebishika. Ni kisa chenye mafunzo mengi kwa sababu kinatenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa: afya ya mmea na ubora wa zao lake.

Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwemo, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba malipo yao ya mwisho wa mwaka, yaani bonasi, ni madogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde. Bei ya chai hupatikana katika mnada wa Mombasa, na waonjaji wa huko huutazama ung'avu wa rangi, yaani huitazama kazi ya kimeng'enya hiki. Haitakuwa haki, hata hivyo, kuisingizia shaba tofauti hiyo ya malipo. Aina ya miche, mwinuko wa nchi, desturi ya uchumaji, muda ambao majani hukaa kituoni yakisubiri gari, gharama za kiwanda na mambo ya uongozi, yote yana sehemu yake. Lakini ni dhahiri kwamba mkulima asiyeelezwa kinachotokea ndani ya jani hawezi kushiriki katika mjadala huo kwa hoja, atabaki kusikiliza.

Na hapa ndipo lugha inapolaumika. Hatua hiyo ya kuliacha jani lipigwe na hewa huitwa kwa Kiingereza kwa neno lile lile litumikalo kwa pombe na mkate, na wafasiri wa Kiswahili wamelifuata: uchachushaji, kuchachusha chai. Neno hilo lina makosa mawili. Kwanza, hakuna hamira wala kidudu chochote kinachohitajika katika kazi hiyo. Vidudu vikiingia, chai huharibika. Pili, kwa msemaji wa Kiswahili kitu kilichochacha ni kitu kilichoingia ukali wa kuharibika, kama wali wa jana au maziwa yaliyosahauliwa. Mkulima aliyeambiwa kwamba chai yake huchachushwa kiwandani ana haki ya kuuliza kwa nini basi anakatazwa kuyabana majani guniani hadi yakapata joto na kuanza kunuka. Kwa kweli majani yaliyobanwa huumia kabla ya wakati, kuta za seli huvunjika ovyo, na kimeng'enya huanza kazi mahali pasipotakiwa na katika joto lisilofaa. Jibu hilo ni rahisi kulieleza, ila neno uchachushaji limekwisha kulifunga mlango.

Upo mfano wa nyumbani ambao ungeweza kulifungua. Anayemenya ndizi za kupika, amatoke kwa Ekegusii, hujua kwamba zikiachwa hewani hupata weusi, na kwa hiyo huzitumbukiza majini mara moja. Weusi huo ni kazi ya polifenoli oksidasi ile ile yenye shaba. Maji huizuia oksijeni. Akikamulia limau, uchungu wake hukipunguzia kimeng'enya nguvu, na asidi ya limau hushikana na shaba na kuivuta. Hakuna mtu Kisii wala Pwani asemaye kwamba ndizi iliyomenywa imechacha. Husema imekuwa nyeusi, au imebadilika rangi. Lugha ya jikoni, kwa mara nyingine, imekuwa sahihi kuliko ya vitabu.

Mintarafu ya ioni zenyewe, ziko namna mbili za uhusiano wake na vimeng'enya, na ingefaa Kiswahili kiwe na maneno ya kuzipambanua. Ziko ioni zilizofungwa ndani ya protini tangu ilipoumbwa, zisizotoka ila kwa nguvu: shaba ya polifenoli oksidasi ni mojawapo, na vile vile chuma kilichomo katika peroksidasi, kimeng'enya kingine cha jani la chai. Hizo zinaweza kuitwa ioni wakaazi. Nyingine huja na kuondoka pamoja na kitu kinachofanyiwa kazi: hizo ni ioni wapita njia. Magnesi ni mfano mkuu wa kundi la pili. Adenosini trifosfati, ambayo ni kama sarafu ya nguvu katika kila seli, haipokelewi na vimeng'enya vingi ikiwa peke yake. Sharti ifuatane na magnesi. Kimeng'enya kinachoikamata kaboni dioksidi katika usanisinuru nacho huhitaji magnesi ili kiamke. Magnesi hiyo hiyo imo katikati ya klorofili, japokuwa klorofili si kimeng'enya.

Kwa kuwa wapita njia hawana makao, wanaweza kunyang'anywa nafasi. Udongo mwekundu wa Kisii na Nyamira una kina na rutuba, lakini katika nchi yenye mvua nyingi kama hiyo udongo huelekea uchungu wa kikemia, na mbolea za amonia huuzidishia uchungu huo, kwa kuwa amonia inapogeuzwa kuwa nitrati huachilia ioni za hidrojeni. Mbolea ya chai ambayo wakulima wadogo wamezoea kupewa, ile ya 26:5:5, ina naitrojeni nyingi kwa sababu jani ndilo linalochumwa. Uchungu ukizidi, alumini iliyokuwa imelala katika mfinyanzi huyeyuka na kuingia majini. Alumini hushikamana na adenosini trifosfati kwa nguvu nyingi kupita magnesi. Kimeng'enya heksokinasi, kinachoianzisha sukari katika safari ya kuvunjwa, kikipewa adenosini trifosfati iliyoshikwa na alumini hukwama. Mizizi ya maharagwe huwa mifupi na minene, na shamba lililotoa vizuri hapo zamani hudhoofika.

Mchai, kinyume chake, huvumilia. Huichukua alumini na kuilimbikiza katika majani yake makuukuu, mahali isikoweza kudhuru, kwa kiasi ambacho kingeua mimea mingi. Kwa hiyo mkulima mwenye chai upande mmoja wa kijito na maharagwe upande wa pili ana mimea miwili isiyoweza kushauriwa kwa maneno yale yale. Chokaa inayoyaponya maharagwe inaweza kuudhuru mchai. Zaidi ya hayo, katika udongo mchungu wenye oksidi nyingi za chuma, molibdeni hubanwa, na bila molibdeni vimeng'enya viwili hukosa kitovu chao: kile kinachoigeuza nitrati ndani ya mmea, na kile kinachoikamata naitrojeni ya hewani ndani ya vifundo vya mizizi ya maharagwe. Katika hali hii ni chokaa ndiyo huiachilia molibdeni, wala si mbolea zaidi.

Zinki haihitaji maelezo mengi. Ni ioni mkaazi wa vimeng'enya vingi, na upungufu wake katika mchai hutambulikana kwa majani madogo yaliyopinda na vifundo vya shina vilivyosongamana. Tiba yake hunyunyizwa majani. Kuhusu kuzidi kwa metali, mkulima wa kahawa wa Kisii, ambako zao hilo lilianza kulimwa na Waafrika katika miaka ya 1930, ana ujuzi wa muda mrefu wa dawa za shaba zinazonyunyizwa dhidi ya ugonjwa wa matunda ya kahawa. Dawa hizo huua kuvu kwa sababu shaba iliyozidi hujishikiza ovyo kwenye salfa za protini na kuzilemaza. Zebaki, risasi na kadimi hufanya vivyo hivyo, wala hazina kazi yoyote ya manufaa ya kufidia. Shaba ni mpagazi ikiwa katika nafasi yake na mharibifu ikiwa nje yake.

Historia ya elimu hii nayo inawapa faraja waunda istilahi, kwani wanasayansi wenyewe walibabaika. Gabriel Bertrand wa Ufaransa, aliyechunguza utomvu wa mti wa vanishi wa Asia katika miaka ya 1890, alidhani metali iliyohusika ilikuwa manganisi. Miaka mingi ilipita kabla ya kuthibitishwa, katika miaka ya 1930, kwamba ni shaba. James Sumner wa Marekani alipofanikiwa mwaka 1926 kukipata kimeng'enya yurezi katika hali ya fuwele kutoka katika aina ya maharagwe, hapakuwa na aliyejua kwamba ndani yake imo nikeli. Hilo lilitambulikana mwaka 1975. Na neno la Kijerumani lililozaa majina ya Kizungu ya vimeng'enya, ambalo Wilhelm Kühne alilibuni katika miaka ya 1870, maana yake kwa Kigiriki ni "katika chachu". Wazungu nao, basi, walianza na jina finyu lililotokana na mkate na mvinyo, na dhana ikakua ikalipita jina.

Kwa sababu hiyo haionekani kuwa busara kulikataa neno kimeng'enya kwa hoja kwamba vimeng'enya vingine haviimeng'enyi kitu. Neno linaruhusiwa kuisahau asili yake. Wanaopendekeza enzaimu wana haki ya kusema kwamba umbo hilo linalingana na matumizi ya kimataifa, lakini umbo hilo halimwambii mwanafunzi wa Nyamira lolote, ilhali kimeng'enya humpa angalau pa kuanzia. Kosa la uchachushaji ni la aina nyingine. Kimeng'enya ni jina finyu la kitu halisi. Uchachushaji wa chai ni taarifa ya uongo kuhusu sababu ya badiliko. Katika maandishi ya kitaalamu, uoksidishaji unatosha. Kwa mazungumzo ya shambani, wengine wangependelea kuivisha, ila neno hilo tayari linabeba maana ya birika na moto, na chai ingelazimika kuiva mara mbili. Kugeuza rangi ni maelezo zaidi kuliko istilahi, lakini ni ya kweli, na mchumaji anayapokea bila kufundishwa.

Linabaki suala la madini na metali. Vijitabu vingi vya kilimo huandika "madini ya shaba", "madini ya zinki", hata "madini ya naitrojeni", na hivyo kuliweka pamoja jiwe lichimbwalo, metali safi, ioni iliyoyeyuka majini na hewa tuivutayo. Kwa mkulima wa Tabaka, ambako jiwe laini la Kisii huchimbwa na kuchongwa, madini ni kitu kinachobebwa begani. Kumwambia kwamba jani lake lina upungufu wa madini ni kumwachia picha ya jiwe ndani ya jani. Ioni ni neno geni, lakini ni fupi, hutamkika, na halina picha ya zamani ya kufutwa kwanza. Likifafanuliwa kama chembe ya metali iliyoyeyuka majini ikiwa na chaji, kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi, linaweza kupokewa na Ekegusii pia bila kubadilishwa ila kiambishi.